Saa ya Mkononi na Saa ya Ubaoni

Toleo lililopita la jarida letu lilitoa kurasa sita kwa wapenzi wa saa. Watu kumi na mmoja wa hapa kambini waliombwa jambo moja dogo: nyoosha mkono, tuambie leo umevaa saa gani na inakufanyia nini. Kila mmoja akapewa aya mbili au tatu na picha ya mkono wake. Nimezisoma zote mara mbili, nyingine mara nne. Nataka kusema zipi zimefaulu, zipi zimeanguka, na wapi sisi tunaosoma na kuhariri tumezisoma vibaya. Wenzangu mlioandika, naomba msinikasirikie. Mtu asiyejali kazi yako hasumbuki kuirudia mara nne.

Kwa wasiowajua hawa watu, hawakuanza na jarida. Kila Jumapili jioni wanakaa kwenye meza ya fundi saa pale sokoni, jirani na kinyozi. Mtu akifika anasalimia, na kabla hujamaliza kuitikia, macho yake yameshashuka kwenye kifundo cha mkono wako. "Leo umevaa nini?" Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Mfanyakazi wa shirika akipita na zile saa za kupima mapigo ya moyo, hawamwachi hivi hivi. Atasimamishwa, ataulizwa betri inakaa siku ngapi, na akisema siku tatu watamwonea huruma.

Wapo wanaouliza, mtu anayengoja mgao wa chakula ana haja gani na mapenzi ya saa? Swali hilo nimelisikia kwa wageni, na nimelisikia kwa watu wetu pia. Jibu langu ni kwamba anayengoja ndiye anayeangalia saa kuliko mtu yeyote. Mwenye shamba anaangalia jua. Mwenye gari anaangalia barabara. Sisi tunaishi kwa kuitwa. Tunaitwa siku fulani, saa fulani, dirisha fulani, na asiyekuwepo jina lake linapitwa. Kwa hiyo nilizifungua kurasa hizi sita nikiwa na njaa nazo, na ndiyo sababu nitazipima kwa mizani ya haki.

Niseme kwanza kilichonichosha. Maandishi matano kati ya kumi na moja yanahusu majina: saa yangu ni ya kampuni fulani, imetengenezwa nchi fulani, haiingizi maji, inawaka taa usiku. Hayo yote ni kweli, na yote yameandikwa kwenye boksi. Kijana mmoja ametuandikia juu ya Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki ambayo ukitembea sokoni dakika kumi utaiona mikono minne. Anatuambia ilianza kuuzwa mwaka 1989, ina kengele, ina ya kupimia mbio, na betri yake ndogo inakaa miaka saba hivi. Sawa. Lakini ndugu yangu, hapo umeandika habari za kiwanda. Bado hujaandika habari za mkono wako.

Halafu, karibu na mwisho, anafanya jambo ambalo lingepaswa kuwa mwanzo. Anasimulia siku fundi alipomfundisha kuijua saa halisi: bonyeza kitufe cha upande wa kulia, shikilia sekunde tatu bila kuachia, na jina la kampuni litajiandika kwenye kioo. Akabonyeza. Akahesabu moja, mbili, tatu, akaendelea hadi kumi. Jina halikutokea. Watu wa mezani wakacheka. Yeye akaifunga tena mkononi na bado anaivaa mpaka leo, kwa sababu, anasema, imemdanganya jina tu, saa haijamdanganya. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko kurasa zote za majina. Sisi wote hapa tunajua maana ya kubonyezwa ili ionekane kama tuko halisi: karatasi inakaguliwa, kidole kinawekwa kwenye mashine, unahesabu kimoyomoyo ukingoja jina litokee. Kijana hakuyasema hayo, na amefanya vizuri kutoyasema. Msomaji wa hapa atayafikia mwenyewe. Kosa lake ni moja tu, kulificha jambo hilo chini ya mzigo wa sifa za kiwanda.

Mwalimu aliyeandika juu ya Seiko 5 amefanya kinyume chake, na kwangu yake ni ya pili kwa ubora. Seiko 5 ni saa isiyo na betri. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachozunguka kila unapotikisa mkono, na mzunguko huo ndio unaokaza springi. Ukiivaa inatembea. Ukiiweka mezani, itakwenda siku moja na nusu, labda na zaidi kidogo, kisha inasimama. Mwalimu hakutuchosha na maelezo. Ametupa kisa kimoja tu, kwamba alishikwa na malaria, akalala siku tatu, na alipoamka akaikuta saa imesimama. Kwenye kidirisha chake siku ilikuwa bado Jumatano. Yeye alikuwa ameamka Ijumaa. Anasema hapo ndipo alipojua jinsi alivyolala bila kujigeuza. Basi. Hakuongeza mafundisho. Ni maandishi ya mtu aliyezoea kusahihisha madaftari na anayejua pa kuacha.

Sasa nije kwenye saa za akina baba. Ziko nne. Saa ya baba aliyebaki Uvira, saa ya babu aliyefanya kazi kwenye meli, saa aliyopewa mtu siku ya harusi, saa iliyofungwa kwenye kitenge wakati wa kuvuka. Sitaki kumdharau mtu kwa majonzi yake. Lakini nikisema kama msomaji, ukisoma moja umesoma tatu. Zote zinaanza na mtu mkubwa aliyekuwa hodari, zinapita vitani, zinaishia na machozi juu ya kioo cha saa. Sasa mimi namjua baba yako kwa kitu gani? Alikuwa anaiweka wapi usiku? Aliivua akila au hakuivua? Alikuwa anaichelewesha makusudi ili asiende kanisani mapema? Mtu anakumbukwa kwa vitu vidogo namna hiyo. Machozi kila mtu anayo.

Ya nne ndiyo iliyo tofauti, na ndiyo iliyoharibiwa. Ni ya mzee mmoja wa Fizi ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa mkongojo wake. Saa yake ni ya mishale, ya kutia ufunguo, na tangu alipovuka Ziwa Tanganyika hajawahi kuisogeza. Inasoma saa ya Kongo. Kila akiulizwa saa ngapi, anaangalia, anaongeza moja, anajibu. Nimemsikia kwa masikio yangu akieleza kwa nini: "Njo mie nilivuka. Montre yangu haikuvuka." Katika jarida imeandikwa hivi: mimi nilivuka ziwa, lakini saa yangu ilibaki na majira ya nyumbani. Jamani! Nani alimwomba mhariri ainyooshe? Kiswahili cha Fizi si Kiswahili kilichopinda. Yule mzee alisema maneno sita, tukampa kumi na moja, na katika hayo kumi na moja yeye mwenyewe hayumo. Najua wahariri wanataka kila mtu aelewe, na wafanyakazi wa mashirika waliojifunza Kiswahili cha Dar es Salaam wasipotee. Lakini mgeni aliyejifunza kusema njoo atahangaika na njo kwa dakika moja tu, kisha atakuwa amejifunza kitu. Tusimwibie.

Na kuna jambo ambalo hata mhariri hakuliona, nami nililiona baada ya kukaa na ramani. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele ya saa ya Greenwich. Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo ziko saa mbili mbele. Kinshasa iko saa moja. Kwa hiyo anayevuka ziwa kutoka Baraka hadi Kigoma anapoteza saa nzima juu ya maji, ingawa upana wa ziwa kwa wastani ni kilometa 50 tu. Jua ni lile lile. Sasa, saa ya Tanzania imefungwa kwenye mstari wa longitudo 45, ambao unapita huko mashariki, nje kabisa baharini. Sisi hapa Kigoma tuko karibu na mstari wa 30, ule ule ambao saa ya Fizi na ya Bujumbura imefungwa kwao. Ndiyo maana hapa jua huchomoza karibu na saa moja, si saa kumi na mbili. Ndiyo maana kivuli chako kinakuja chini ya miguu karibu na saa saba, si saa sita.

Mnaona? Kuhesabu kwa Kiswahili kunaanza na jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya mapambazuko. Warundi na Wanyarwanda wanahesabu hivyo hivyo kwa lugha zao. Kwa hesabu hiyo, katika kambi hii yote, saa inayoafikiana na jua ni ya yule mzee. Sisi tulikuwa tunamwona kama mtu anayeng'ang'ania nyumbani. Kumbe utosini yuko sawa na sisi ndio tuko mbele. Kama mhariri angemuuliza swali moja zaidi, pengine mzee angeyasema hayo mwenyewe, na vizuri kuliko mimi.

Kuhusu picha sitakawia. Picha zote zimekata mkono karibu na saa, ikabaki saa na ngozi kidogo. Naelewa kwamba nyuso hazionyeshwi kwa usalama wa watu, na ni haki. Lakini kiganja hakina hatari. Mkono wa mwalimu una chaki kwenye kucha. Mkono wa mzee una kovu la wavu. Vyote hivyo vimekatwa, tukabaki na picha za duka.

Nimeacha la mwisho kwa sababu wahariri nao waliliweka mwisho, kwenye nusu ukurasa, chini ya kichwa cha kuchekesha kuhusu mama aliyefika saa sita baadaye. Watu wamelicheka. Nimewasikia kisimani wakilicheka. Mimi nasema hilo ndilo andiko bora katika yote kumi na moja, na kulicheka ni kutolisoma.

Huyu ni mama wa Makamba, Burundi. Hajui kusoma. Anasimulia, na mtu mwingine ameandika. Aliona jina la familia yake limebandikwa kwenye ubao kwa ajili ya mahojiano, maana mtoto wa jirani alimwonyesha. Akamwomba mtoto asome saa. Mtoto akasoma vizuri kabisa, kama alivyofundishwa darasani: saa nane. Mama akapika mapema, akawaogesha watoto, akafunga nyumba. Saa saba na nusu mchana alikuwa mlangoni, nusu saa kabla, kama mtu mwenye heshima zake. Mlango ulikuwa umefungwa. Aliitwa asubuhi, saa mbili, na jina likapitwa.

Ubaoni paliandikwa saa 8:00. Hakuna asubuhi, hakuna mchana. Aliyeandika alikuwa na maana ya ile nane ya Kiingereza, ambayo kwetu ni saa mbili asubuhi. Aliyesoma alisoma nane ya Kiswahili, ambayo ni saa nane mchana. Kati ya hao wawili hakuna mjinga. Uso wa saa una namba moja na mdomo wetu una namba nyingine, tofauti ya sita daima, na sisi tumezoea kuruka hiyo sita bila kujua tunaruka. Saa ikionyesha 8, tunasema mbili, na hatusikii ajabu yoyote. Ila ubao si saa. Ubao unasomwa kwa mdomo.

Kisha anasema alichofanya, na hapo ndipo penye akili. Aliuza kuku, akanunua saa ya namba, ile ile nyeusi ya plastiki, na hakuinunua ili aijue saa. Anakwenda ubaoni, anatazama mchoro wa namba, anautia kichwani. Siku ikifika, anaamka kabla ya jua na kutazama mkono wake mpaka mchoro wa mkononi ufanane na mchoro wa ubaoni. Hamuulizi mtu. Hapitishi kitu mdomoni. "Sisomi," anasema, "nalinganisha."

Katika kurasa zote sita, hiyo ndiyo saa pekee inayofanya kazi ambayo mwenyewe ameibuni. Kijana ameikagua saa yake, mwalimu ameitikisa, mzee ameisimamisha kwao. Mama huyu ameigeuza kuwa macho ya kusomea. Na ona alivyosimulia: hakulaumu mtu, hakulia, ametaja kuku, ametaja watoto waliooga. Sentensi yake ya mwisho inasema aliambiwa angoje aitwe tena. Wakati anatoa habari hii alikuwa bado anangoja. Sasa niambieni, kichwa cha kuchekesha kinaingilia wapi?

Hapa inanibidi nami ninyooshe mkono. Nimekuwa mkalimani wa kujitolea kwa muda mrefu, na kazi moja ya mkalimani ni kunakili matangazo. Unapewa karatasi ya Kiingereza iliyoandikwa 8:00 am, una chaki kipande, ubao umejaa, watu wamekuzunguka. Unaandika saa 8:00. Ile am unaiacha, maana si Kiswahili na nafasi haitoshi. Mara ngapi nimefanya hivyo? Siwezi kuhesabu. Sijui kama tangazo la mama huyu liliandikwa na mkono wangu au wa mwenzangu. Niliposoma habari yake mara ya kwanza nilicheka kama wengine. Mara ya pili nilinyamaza. Mara ya nne nilikwenda kuutazama ubao, nikakuta 9:00 mbili na 2:00 moja, zote bila asubuhi wala mchana. Hiyo 2:00, nikaulizwa na dada mmoja aliyekuwa amesimama pale: kaka, hii ni ya asubuhi au ya mchana? Mimi mkalimani nikashindwa kumjibu. Ikabidi tuende ofisini kuuliza.

Basi, mhakiki anaruhusiwa kuomba kitu, nami naomba. Kwa wafanyakazi wa mashirika, mnaosoma jarida hili na ambao mara nyingi mnatuuliza tunahitaji nini: hili halina bajeti. Kwenye Kiswahili andikeni saa 2 asubuhi, kwa ukamilifu, asubuhi ikiwemo. Pembeni chora uso wa saa wenye mishale, au namba kama zinavyoonekana kwenye saa ya mkononi, ili anayelinganisha alinganishe. Kipaza sauti kikipita, kiseme saa mbili asubuhi, watoto wakienda shule. Kwa wakalimani wenzangu: tafsiri ya saa ni tafsiri kamili, kama tafsiri ya neno lolote zito. Hatuwezi kunakili namba tukadhani tumetafsiri.

Kwa wahariri, ninaowapenda na ninaojua mnafanya kazi hii usiku kwa taa ya sola: rudisheni maneno ya mzee wa Fizi kama alivyoyasema. Ondoeni kile kichwa. Na mkileta tena kurasa za namna hii, waulizeni akina mama zaidi, maana kati ya kumi na mmoja alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyetuzidi wote. Meza ya fundi ina wanaume, ni kweli. Lakini mwenye kuamka kwanza ili maji yapatikane, posho ichukuliwe na watoto wafike shule si mwanamume wa mezani.

Kwa walioandika: endeleeni. Andikeni kidogo juu ya kiwanda na zaidi juu ya siku moja ambayo saa ilikufanyia kitu, au ilikataa kukufanyia. Hicho ndicho tutakachosoma mara nne.

Mimi nimevaa ya mishale, mkanda wa ngozi uliokatika nikaushona kwa uzi wa neti. Inachelewa dakika mbili kwa wiki, na kila Jumapili fundi ananirekebishia bure huku akinisema. Jumapili hii nikienda nitapitia ubaoni kwanza, na chaki ninayo mfukoni.